Ombi la Kutengewa Kanga Mmoja Mwenye Staha

Mpui,
Sumbawanga Vijijini.
Jumatatu, wiki ya harusi.

Ndugu Ofisa Wanyamapori,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA KANGA WA PORINI, NA OMBI LA KUTENGEWA MMOJA

Tafadhali husika na kichwa cha barua hapo juu. Mimi ni Mwalimu Nikodemo Kauzeni, mstaafu, niliyekufundisha hesabu darasa la tano na la sita, wewe Stanley ukikaa dawati la nyuma karibu na dirisha, ukitazama ndege badala ya ubao. Sikujua wakati ule kwamba ulikuwa tayari kazini. Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa, kwa hiyo tuingie kwenye shida.

Jumamosi hii binti yangu Salome anaolewa na Raphael, kijana wa Jafeti, yule bwana wa Mbeya aliyehamia mjini kikazi. Katika ukoo wetu, baba wa bibi harusi humwandalia mkwe mwenzake kanga wa porini, aliyempiga kwa mkono wake na kwa bunduki ya ukoo. Marehemu baba yangu, Mzee Mathias, aliwaoza dada zangu wanne kwa njia hiyo. Asubuhi ulisikika mlio mmoja kutoka upande wa mashamba ya ulezi, na muda si mrefu baba alirudi na kanga wawili, harusi nyingine watatu. Hakupiga mara ya pili maisha yake yote. Tena alikuwa fundi kiasi kwamba risasi yenye punje zaidi ya mia mbili za marisau iliacha punje moja tu kwenye nyama, na katika harusi zote nne aliyeiuma alikuwa baba wa bwana harusi. Akiitema sahanini ikalia, wanawake walipiga vigelegele, maana hapo mkwe alijua binti ametoka kwenye nyumba yenye mwenyewe.

Bunduki hiyo ndiyo niliyoirithi, kwa leseni na vibali vyote unavyovijua. Tangu msimu ufunguliwe nimetoka nayo asubuhi tisa. Mara zote nimerudi na kuni. Juzi Jafeti amenipigia simu akaniambia, kwa upole ambao sitamsamehe, nisihangaike, kanga ataleta yeye. Stanley, baba wa bwana harusi aje na kanga wake mwenyewe kwangu, mimi siku hiyo nitakaa wapi? Ndiyo sababu ya malalamiko yafuatayo.

1. Kanga wamebadilika tabia. Wa zamani walikuwa wakiona mtu wanaruka, nawe unapiga, mambo yanakwisha. Wa sasa hawaruki, wanatembea. Wanatembea mpaka hatua hamsini, wanasimama, wananigeukia. Bunduki yangu inaua hatua thelathini na tano, na jambo hilo wanalijua, kwa sababu wakishaondoka huwa napima: hamsini, hamsini na mbili, hamsini. Serikali iliyoweza kupanga mtu alime mita ngapi kutoka mtoni haiwezi kushindwa kupanga kanga asimame hatua ngapi kutoka kwa mlipa kodi. Naomba iwe thelathini.

2. Saa zao za kazi hazifai. Bunduki yangu ni ya mitutu miwili, yenye nyundo mbili za nje, na nyundo ya kushoto haishuki kwenye baridi. Baridi ya Ufipa ya mwezi wa saba unaijua, hata watu wa Mbeya wanaojidai kuizoea wakifika hapa huomba blanketi. Nilijaribu kuiegemeza bunduki karibu na jiko, tupu, bila risasi, usiandike chochote. Mke wangu Bertila aliitoa nje akasema jikoni kwake patapikwa ugali au patapashwa bunduki, nichague. Nyundo inakubali saa nne. Kanga wanatoka saa kumi na mbili na nusu. Naomba waanze kutoka saa nne asubuhi. Zipo ofisi zinazofunguliwa saa hiyo hiyo na wananchi tumezoea.

3. Bunduki ya Jafeti. Ni mpya, ina kitako cha plastiki, inajipakia yenyewe na kutema risasi tano bila kupumua. Alipokuja kuleta barua ya posa aliishika ya kwangu kwa vidole viwili akauliza kama imetoka makumbusho. Nilimweleza, nawe nakueleza ili ofisi yako isikose elimu hii, kwamba bunduki kuukuu haichaguliwi kwa rangi. Ukishahakikisha haina kitu ndani, unaielekeza angani na kuchungulia mitutu kama ina vishimo vya kutu. Unaichomoa mitutu, unaining'iniza kwa kidole, unaigonga kwa ukucha. Ikilia kama kengele, viungo vyake vizima. Ikilia kama debe, mrudishie mwenyewe na umpe pole. Kisha unaipandisha begani umefumba macho. Ukifumbua, jicho likutwe limekaa katikati ya mitutu, la sivyo bunduki hiyo ilitengenezewa mtu mwingine na wewe utaumia bega bure. Risasi za hii yangu ni zile fupi tu. Hizi ndefu za siku hizi zinaingia vizuri, bunduki inafunga vizuri, halafu ndipo inakupasukia usoni. Mtutu wa kulia hutawanya marisau kwa ndege wa karibu, wa kushoto umebanwa mdomoni kwa ndege wa mbali.

Jafeti alisikiliza yote hayo mpaka mwisho, kisha akauliza: na kanga je, Mwalimu? Hilo ni swali la mtu asiye na shukrani. Naomba bunduki za aina yake zizuiwe wilayani, kwani zinawafundisha kanga dharau. Kanga akishakoswa mara tano mfululizo anaanza kudhani binadamu wote ndivyo tulivyo.

4. Risasi fupi nilizirithi kumi na tatu. Zimebaki nne. Moja ilipata mti, nane bado zinatafutwa. Mwenye duka mjini ananiambia hajaziona tangu yeye mwenyewe alipokuwa kijana.

5. Kwa kuzingatia namba 1 hadi 4, naomba ofisi yako initengee kanga mmoja. Awe mtu mzima, mwenye staha, asiye na makuu. Nikabidhiwe kwa maandishi siku ya Ijumaa, saa nne kamili asubuhi, nyuma ya shamba langu la ulezi, hatua thelathini kutoka nitakaposimama, upande wa kulia kwa sababu ya ile nyundo. Asimame. Akitembea, apewe barua ya onyo. Akirudia, ahamishiwe Muze akaone joto la bondeni, kama tunavyofanyiwa watumishi wengine.

Usidhani ninafanya mzaha. Tangu ile simu ya Jafeti chakula hakishuki. Salome ananiambia, Baba, kuku anatosha. Kwake anatosha. Shangazi zake wote wanne watakuwepo, wote waliozwa kwa kanga, na ninawajua: wataangalia sahani ya mkwe, halafu wataniangalia mimi, halafu watasifia mapambo. Nina uchungu, Stanley.

Wasalimie wote hapo ofisini, mkeo na watoto, bila kumsahau mlinzi wa getini aliyenikatalia kuingia na bunduki, alifanya vizuri. Bertila anakusalimu. Mama yangu, Bibi Dominika, naye anakusalimu na anauliza naandika nini siku nzima.

Ni mimi mwalimu wako, ninayetarajia majibu kabla ya Ijumaa,

Nikodemo Kauzeni

N.B. Jumanne asubuhi. Barua ilikuwa bado mezani, mama akataka asomewe. Nilipofika kwenye ile punje moja kati ya mia mbili alianza kucheka, akacheka mpaka Bertila akamletea maji. Kisha akaniambia. Baba hakuwahi kumpiga kanga hata mmoja. Alikuwa akiwatega kwa tanzi la katani tangu siku mbili kabla. Asubuhi anakwenda kuwachukua, anapiga risasi moja hewani ili wakwe wasikie, anarudi. Punje ilichomekwa na mama, kwa kidole chake, kwenye paja la kanga alilotengewa mkwe, kabla ya kupakua. Mlio mmoja, kanga watatu, na mimi nimefundisha hesabu miaka thelathini na moja.

Nilimuuliza mbona hamkuniambia. Akasema wakwe hawaji kula ndege, wanakuja kusikia kama kwa bibi harusi kuna mtu. Halafu akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya ghala. Chini ya tenga walikuwemo kanga wawili, wazima, wakinitazama vile vile wanavyonitazama porini. Mama ana miaka themanini na sita. Alianza kutega siku ile ile Jafeti aliponipigia simu, na hakusema neno. Nimelia kidogo, sioni haya kukuambia.

Kwa hiyo futa namba 1 hadi 5. Bunduki haina kosa, kanga hawana kosa. Sehemu hii naomba uisome kama Stanley wa dawati la nyuma, si kama Ofisa, maana najua tanzi haliruhusiwi. Marehemu hashitakiwi, na mama, ukitaka, njoo umkamate mwenyewe tuone. Risasi moja nimeifungua, punje yake moja mama ameifunga kwenye pindo la kitenge. Jumamosi asubuhi utasikia mlio mmoja kutoka Mpui. Usije kukagua, njoo ule. Na punje ikikosea sahani ya Jafeti ikaja kwenye yako, imeze.