Spika Zenu Zimemchongea Marehemu Baba

Kwa Mzee Marcel,
Mwenye duka la muziki,
Kalangalala, Geita.

Mzee wangu, shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, maana karatasi haina mdomo.

YAH: SPIKA KUSEMA UKWELI BILA KUOMBWA

Mimi ni Donatus, mtoto wa marehemu Nkwabi, yule manju wa ngoma ambaye akifungua mdomo hapa Katoro, watu wa kundi la pili walikuwa wanahama na kuwaacha wachezaji wao wakicheza na vumbi. Shule niliishia darasa la saba, ilikuwa hainitoshi. Siku hizi nachimba dhahabu kidogo na kukodisha muziki kwenye harusi. Baada ya mavuno tunashindana na kundi la Ngassa, na unajua ngoma zetu hazina jaji: makundi mawili yanapiga kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Mwaka jana Ngassa alituachia mbwa na mzee mmoja asiyesikia. Mwaka huu nimeapa kufungua kwa sauti ya baba, niliyoitoa kwenye kaseti nikaiweka kwenye simu. Ndiyo maana nilikuja kwako kutafuta spika za maana. Yaliyonikuta ni haya:

1. Nilipokewa vizuri. Mzee, hii si haki. Nimetoka machimboni Mwakitolyo na vumbi la duara, lile shimo letu la dhahabu, mwilini, nimejiandaa kuulizwa, "We kijana, unanunua au unashangaa?" Jibu langu nililifanyia mazoezi njia nzima. Binti yako wa mauzo, dada Eunice, akasema, "Karibu kaka, keti, hapa hatuna haraka." Nikaketi, jibu likabaki mfukoni.

2. Chumba cha kusikilizia. Kina zulia ukutani. Ukutani, mzee! Na kiti kimoja, kama cha mtuhumiwa. Kwetu Katoro spika inajaribiwa barabarani, sauti hadi mwisho, na huachi kuongeza mpaka bodaboda zisimame na jirani aje kugombana. Hapo ndipo unajua ni nzima. Nikamwambia dada Eunice aongeze. Akapunguza! Akaniambia, "Kaka Donatus, usiifukuzie sauti, iache ije." Mimi ambaye nimeshinda kando ya karasha linalosaga mawe, leo naingojea sauti kama naposa.

3. Hapa ndipo penye jinai yenyewe. Akauliza, "Una wimbo unaoujua vizuri? Spika hujaribiwa kwa wimbo unaoujua." Nikatabasamu kama tajiri, nikampa simu yenye baba. Mzee, nilimsikia baba akivuta pumzi. Nilisikia njuga za wachezaji, kila mguu mahali pake. Nikaanza kujisikia.

Halafu ubeti wa tatu, baba akanyamaza. Miaka yote tumewaambia watu kile kimya ni maringo ya kimanju, cha kuwatesa mashabiki. Mimi mwenyewe nimewafundisha vijana wangu wanyamaze hapohapo! Spika zenu zikasema hapana. Ndani ya kile kimya kuna mwanamke ananong'ona mstari unaofuata, kisha anasema, "Imba basi, watu wanakutazama." Ni mama yangu, Mbuke. Baba alikuwa amesahau. Nikaomba irudiwe nikidhani ni hitilafu ya umeme. Zikarudia bila aibu. Ubeti wa tano, ananong'onezwa tena. Kumbe manju alikuwa mama. Baba alikuwa spika tu.

4. Fikiria madhara, mzee wangu. Nikiziweka uwanjani, Ngassa atatangaza kwamba Nkwabi alikuwa anasomewa kama mtoto wa chekechea, na safari hii hata yule mzee asiyesikia atatuhama. Zikiingia kanisani, kwaya itavunjika Jumapili hiyohiyo, maana itajulikana nani anaimba na nani anapanua mdomo. Zikifika mkutano wa kijiji, tutasikia nani anamnong'oneza mwenyekiti. Sasa hapo tutaishije?

Kwa hiyo naomba kwa heshima zote mfunge kwenye hizo spika kitufe cha kuficha mambo ya ndoa za watu. Mkishindwa, niuzieni zilizoharibika kwa bei ya nzima, nitashukuru. Za Ngassa zinakoroma, na anashinda. Dada Eunice naye ahamishiwe duka la mabati, ambako hakuna cha kusikiliza.

Nisalimie mama wa nyumbani, watoto, Luka mlinzi wa mlangoni, na dada Eunice pia, ila kwa mbali.

Wabeja, yaani asante sana.

Wako niliyeumizwa na huduma nzuri,
Donatus Nkwabi,
Katoro.

N.B. Barua nilikuwa nimeshaifunga, imebidi niifungue. Jana nilimleta mama dukani aje ashuhudie uovu wenu. Akakaa kwenye kile kiti, akafumba macho. Kilipofika kile kimya alicheka, akajifuta machozi kwa khanga, akamwambia Eunice, "Mwanangu, rudisha hapo." Akarudisha mpaka nikasinzia. Njiani akaniambia, "Donatusi, ukinunua nyingine utasikiliza peke yako." Anataka zikae uwanjani zikimtazama Ngassa, na ubeti wa tatu sauti iende hadi mwisho. Niwekeeni zote mbili, kitufe msifunge. Na muongeze maiki moja: anasema ubeti wa tano atauimba mwenyewe.