Daktari wa Bima na Meno Yangu

Kasulu, Jumatatu, 10 Machi 2014
Nina hasira! Mansuri, mwenye duka mkabala na kwangu, amelipwa na bima kwa jino lililovunjika basi letu la Kibondo lilipoteleza mtaroni. Na mimi nilikuwamo! Nikadai mawili ya mbele. Ni kweli yaling'oka zamani kwenye mpira, lakini ajali ni ajali. Pasaka ikipita namwoa Valeria, naye hataki bwana harusi mwenye pengo.

Leo bima wamemleta mtaalamu, Daktari Pelagia. Kanikuta namenya muwa kwa magego. Akasema aliyeng'oka meno juzi hagusi muwa, na fizi zangu zimefunga miaka mingi. Nikamwambia ukoo wetu tunapona haraka. Akanimulika tochi kinywa kizima, ananong'ona peke yake. Atarudi Alhamisi. Mchawi yule!

Jumanne, 11 Machi
Anataka kidonda? Atakiona! Nimekwenda kwa Gharibu, mng'oa meno wa sokoni, aning'olee la pembeni ya pengo. Akasema jino zima kabisa, ni dhambi kuling'oa. Nikamfokea afanye kazi yake. Yebabawe! Nimelia mbele ya wauza dagaa. Mansuri alikuwapo, akanipa pole huku anacheka. Mshenzi!

Alhamisi, 13 Machi
Nikaachama kwa majivuno. Damu hii hapa! Pelagia akakiri kidonda ni kibichi, ila jino hilo Jumatatu alilihesabu, lilikuwapo. Kumbe alikuwa anahesabu! Nani anahesabu meno ya watu? Adabu gani hiyo? Madai yametupwa. Valeria kaja, kaona pengo limeongezeka, kaondoka bila kuaga. Mtu asinichokoze leo.

Jumapili, 16 Machi
Nimesikia bima ile inalipa hata masikio. Masikio! Nani atayahesabu? Tangu asubuhi mimi ni kiziwi. Kengele ya kanisa imelia, sikugeuka.

Jioni Valeria kaja, kasimama mlangoni analia. Akasema amenisamehe, tutafunga ndoa na pengo langu hivyo hivyo, mradi niape kuachana na ujanja. Moyo ulinidunda! Lakini Mansuri alikuwa barazani kwake, katoa macho. Ningefanyaje? Nikaweka kiganja sikioni, nikamuuliza Valeria anasemaje. Akarudia kwa sauti. Nikatikisa kichwa. Akavua pete ya uchumba, akaiweka kizingitini, akaenda zake.

Mwanamke yule hana subira hata kidogo! Lakini Mansuri kaona kwa macho yake kwamba sisikii. Shahidi ninaye.