Mama Fidélie Aliyependwa Kuliko Mimi

Jumatatu, 7 Julai

Nimeaibishwa. Tena kwa upole, na hilo ndilo baya zaidi.

Jana niliweka picha ya kikwembe changu cha buluu, chenye ndege na funguo, kwenye kundi letu la WhatsApp. Kundi linaitwa Bikwembe bya Zamani. Wengi tuko hapa Kolwezi, wachache Likasi na Lubumbashi, na sote tuna ugonjwa mmoja: kukusanya vitenge vya wax ambavyo havichapwi tena, na kubishana juu ya majina yao. Maana kikwembe cha kweli kina jina. Wanawake walikipa jina hilo sokoni, siku robota lilipofunguliwa. Nikaandika kwamba changu kinaitwa "Ndege Amesahau Ufunguo". Niliandika kwa uhakika, kama inavyompasa mtu aliyekuwa katibu wa shule hadi kustaafu.

Mama Bilkisi akajibu. Yeye ndiye administratrice, yaani msimamizi, wa kundi. Mama yake mzazi, Mama Hawa, aliuza vikwembe soko la mtaa wetu wa Manika tangu mimi ni msichana. Akasema picha ni nzuri sana, asante, ila kwao kikwembe hicho kiliitwa "Mume Yuko Safarini". Akaweka na moyo mwekundu. Ule moyo ndio ulioniuma.

Wote wakamshukuru Bilkisi. Kikwembe changu, shukrani zake.

Na Jumamosi ya wiki ijayo tuna maonyesho kwenye ukumbi wa parokia. Mtu mmoja atachaguliwa kusimama mbele ya wageni na kueleza majina. Nguo ya kuvaa nimeshachagua. Kilichobaki ni wao kunichagua mimi.

Jumanne, 8 Julai

Nimepata njia. Kujisifu mwenyewe ni kukosa adabu. Basi nimetengeneza mtu wa kunisifu.

Nimenunua laini mpya na kuiweka kwenye simu ya zamani ya mume wangu, Stéphane. Mtu wangu anaitwa Mama Fidélie. Ni mjane, ana vikwembe vingi, na hatumi ujumbe wa sauti kwa sababu koo linamsumbua. Anaishi Kisenge. Kisenge nimeichagua kwa makini: ni mbali, barabara mbaya, na hakuna mtu wa Manika anayekwenda huko kusalimia tu.

Ameomba kuingia kundini kupitia Mama Florentine, msaidizi wa Bilkisi. Florentine humkubali kila mtu.

Stéphane aliuliza simu mbili za nini. Nikamwambia kazi za parokia. Akarudi kwenye redio yake. Ni mume mzuri, hana udadisi.

Alhamisi, 10 Julai

Fidélie ameanza kazi. Aliandika kwamba Kisenge nao wanasema "Ndege Amesahau Ufunguo", na kwamba Mama Odile, yaani mimi, ni maktaba inayotembea. Hakuna aliyejibu.

Ili aaminike, nikamfanya mnyenyekevu. Nikaanika kikwembe changu chekundu, chenye kuku, kwenye kamba ya uani, nikakipiga picha. Fidélie akaandika kwamba hajui jina lake na anaomba kufundishwa. Ukweli ni kwamba hata mimi silijui. Lakini mimi siwezi kuuliza. Nina heshima ya kulinda.

Mioyo ikamiminika. Florentine akaeleza kilivyovaliwa. Mama mmoja wa Likasi akapinga, kwa adabu. Bilkisi akaenda kumuuliza mama yake, akarudi na jibu: kinaitwa "Kuku ya Mukwe". Bibi harusi mmoja alikivaa siku ya kwanza kumpikia mama mkwe, akamuunguza kuku mpaka majirani wakaja na maji. Kundi lilicheka mchana kutwa.

Mimi sijawahi kupata hadithi kama hiyo mule ndani. Kweli, sijawahi kuuliza kitu.

Jumamosi, 12 Julai

Bilkisi amemwandikia Fidélie faraghani. Anasema mama yake ameanza kusahau. Siku nyingine anamwita Bilkisi kwa jina la dada yake aliyekufa. Lakini akiulizwa juu ya kikwembe anarudi kabisa, na macho yake yanakuwa ya zamani. Ndiyo sababu alianzisha kundi, majina yasije yakaondoka pamoja na mama. Akamwomba Fidélie aendelee kuuliza. Mambo haya, aliandika, hajamwambia mtu mwingine kundini.

Niliusoma ujumbe huo jikoni, nikausoma tena. Maharage yakaungua.

Kisha nikaona kwamba moyo ukiwa laini namna hiyo ndio wakati wa kuomba kitu. Fidélie akamwomba Bilkisi ampigie kura Mama Odile. Bilkisi akajibu kwamba alikuwa na nia hiyo tangu mwanzo, kwa sababu Mama Odile anapenda vikwembe kwa kweli, hata kama hapendi kufundishwa.

Sehemu ya mwisho sikuielewa.

Jumapili, 13 Julai

Kura zimepigwa kundini baada ya misa. Florentine alimpendekeza Fidélie. Fidélie ameshinda.

Nimepata kura tatu: yangu, ya Bilkisi, na ya Fidélie mwenyewe. Nimeshindwa na mtu ambaye ni mimi ninayemnunulia megas za intaneti.

Jumatatu, 14 Julai

Nilidhani atashuka kirahisi kama alivyopanda. Niliandika kundini, kwa jina langu, kwamba Mama Fidélie ni mgeni, kwamba watu wa Kisenge wanajua kuchimba madini ya manganizi na si vikwembe, na kwamba asiyejua hata jina la kuku hawezi kusimama mbele ya wageni.

Florentine akanikumbusha sheria ya kundi: hapa tunasahihisha kikwembe, hatumtukani mwenye kukivaa. Mama wa Likasi akauliza ni malezi gani yanamruhusu mtu kumsema mjane hivyo. Moto ukawa mkubwa. Ili kuuzima nikachukua simu ya pili, Fidélie akanisamehe. Aliandika kwamba Mama Odile ana haki ya kuumia, kwamba anayekipenda kitu huwa na wivu nacho, na kwamba yeye hana kinyongo.

Alisamehe vizuri kupita kiasi. Sasa yeye ni mtakatifu na mimi ni mchokozi, na wote wawili tunakalia kiti kimoja.

Stéphane aliona uso wangu, akauliza. Nikamwambia kuna mwanamke wa Kisenge amechukua nafasi yangu. Akasema nimuache, labda na yeye ana shida zake.

Jumatano, 16 Julai

Fidélie ilibidi ajitoe. Aliandika kwamba malaria imemkamata, hawezi kusafiri, na anamwachia Mama Odile nafasi. Mpango safi.

Nilimsahau Masudi. Masudi ni mume wa Bilkisi, na malori yake hupeleka bidhaa Dilolo. Moja linaondoka kesho. Bilkisi ametangaza kwamba dereva, Hamadi, atapinda mpaka Kisenge kumpelekea mgonjwa mchele, mafuta na sabuni vya kundi. Akimkuta na nafuu, atamleta Kolwezi kwenye kiti cha mbele, taratibu, na blanketi. Wanaomba jina la mtaa wake.

Nimefikiri mchana kutwa. Akihama, lori litamfuata. Akipona, atapandishwa lori. Kwa hiyo amefariki.

Sikutaka kumuua. Wema wao ndio ulionilazimisha. Mpwa wake, Ariel, ndiye aliyetoa habari kwa simu ya marehemu: mazishi yamekwisha, familia inashukuru. Kisha nikaizima simu na kuiweka chini ya shuka za wageni.

Alhamisi, 17 Julai

Kundi liko kwenye matanga. Picha zao zote zimekuwa mishumaa. Florentine ametuma sauti akilia, na ni kilio cha kweli. Nimekisikiliza mpaka mwisho. Mama wa Likasi amekumbusha kwamba juzi tu kuna mtu alimtukana marehemu. Hakutaja jina. Wote wanalijua.

Lori limeondoka vilevile. Mchele wa mgonjwa umekuwa mchele wa matanga.

Maonyesho yatakuwa kwa kumbukumbu ya Fidélie, na atakayesema ni mimi. Florentine anadai itaniosha moyo, kwa kuwa nilimkosea. Basi nafasi nimeipata. Nilifurahi mpaka nilipokumbuka kwamba Hamadi yuko njiani.

Ijumaa, 18 Julai

Bilkisi amekuja kwa taxi-moto, pikipiki ya abiria, amejifunga kikwembe cheusi. Stéphane alimfungulia. Nilimsikia kutoka chumbani.

"Tata Stéphane, jambo. Nimekuja ku matanga ya Mama Fidélie. Si ni hapa?"

Stéphane akamwambia hapa hakuna aliyekufa. Kisha akageuka kuniangalia, na nadhani ndipo alipozihesabu simu.

Bilkisi alikaa. Alisema Hamadi amepiga simu. Ameuliza kanisani, ameuliza sokoni. "Batu ba Kisenge habamujue, mama. Muchele ameuacha kwa bajane ba parokia."

Nikaanza kusema kwamba Kisenge ni kubwa. Akanionyesha ile picha ya kikwembe chekundu kwenye kamba. Pembeni yake ilikuwa inaning'inia suruali ya kijani ya Stéphane, ile yenye kiraka cha njano. Kolwezi nzima inaijua suruali ile.

Kumbe alijua tangu siku ya kwanza. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza.

"Fidélie alikuwa anauliza muzuri," akasema. "Mama yangu alikuwa anafurahi. Mi nilimupenda Fidélie. Nilifikiri siku moja utanileteya yee mwenyewe, utasema: Bilkisi, ni huyu. Sasa wewe umetuulia mutu."

Nikauliza kama yale aliyomwandikia kuhusu mama yake aliyaandika akijua yanakuja kwangu. Akasema ndiyo. Alijua kwamba kwa jina langu nisingeyasikiliza.

Kundini hajasema kitu. Bilkisi amemwambia Hamadi kwamba ni yeye, Bilkisi, aliyesikia vibaya jina la mji. Amedanganya kwa ajili yangu, yeye anayefunga Ramadhani yote bila kulalamika. Kesho nitakwenda kusema kama ilivyopangwa, na Mama Hawa atakaa karibu nami.

Nilimpa chai, akanywa. Alipoondoka, Stéphane alikaa kizingitini akacheka mpaka akakohoa.

Jumamosi, 19 Julai

Ukumbi ulijaa. Milango ilifungwa kwa sababu ya vumbi la malori yanayotoka mgodi wa Mashamba, kwa hiyo joto lilikuwa la watu, si la Julai. Kwanza tulisimama kimya kumkumbuka Fidélie. Nilisimama kimya kuliko wote.

"Kuku ya Mukwe" ilikwenda vizuri. Watu walicheka mahali pa kucheka. Kisha ikafika zamu ya kikwembe cha buluu. Bilkisi alikuwa ananitazama. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema "Ndege Amesahau Ufunguo" pale Mama Hawa alipoinuka kwenye kiti chake. Akakishika pembeni, akakisugua kwa vidole kama mtu anayepima unga.

"Hii ni 'Chukua Funguo Zako'," akasema.

Si jina langu, wala si la Bilkisi. Na mimi, sijui kwa nini, labda kwa sababu wiki nzima nilikuwa nimezoea kuuliza kwa kinywa cha mtu mwingine, nikauliza. Mbele ya watu wote, kwa sauti yangu. Mama, ni funguo za nani?

Akatuambia. Za rafiki yake Abigaël, aliyekuwa na nyumba nyuma ya soko. Mume alileta mwanamke mwingine humo ndani. Abigaël akanunua kikwembe hiki kipya, akakivaa, akapita nacho barabara nzima saa ya watu kutoka kazini, akamkabidhi bwana funguo zake mbele ya wenzake, akaenda. Kesho yake wanawake walimaliza robota zima. "Mume Yuko Safarini" ni jina walilomtajia mtoto Bilkisi alipouliza, kwa sababu alikuwa mdogo na hayo hayakuwa maneno ya mtoto.

Bilkisi hakuwahi kuisikia. Alikuwa anarekodi. Nikaendelea kuuliza. Mama Hawa akaendelea kujibu, mpaka padri akatazama saa.

Tulipotoka, Bilkisi alinishika mkono. Wakati ule nilijiona mtu mwema kabisa.

Jumatatu, 21 Julai

Nimepewa cheo. Mimi ni administratrice wa kupokea wageni wapya. Bilkisi aliwaambia kwamba hakuna anayejua zaidi yangu jinsi mgeni anavyohitaji kupokelewa.

Ombi la kwanza limefika asubuhi. Mama Louise, wa Dilolo. Anasema bibi yake alimwachia vikwembe vichache, hajui mengi, angefurahi kukaa pembeni na kusikiliza, na anatupongeza kwa maonyesho. Hakuna neno kali. Hakuna hata herufi moja iliyokosewa. Anatushukuru kabla hatujampa kitu.

Nimemtambua mara moja. Mtu wa kweli hawezi kuwa na adabu kiasi hicho. Ni Florentine, anakitaka cheo changu. Nimelikataa ombi, kisha nimeandika onyo refu kundini juu ya watu wanaojificha nyuma ya majina ya uongo na kuharibu imani tuliyoijenga kwa shida.

Bilkisi ameniandikia faraghani. Anasema Mama Louise ni shangazi wa Masudi, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia aombe, na kwamba sasa mama wa watu analia huko Dilolo. Nimemjibu kwa upole, na nimeweka moyo, kwamba hivyo ndivyo anavyosema kila mtu aliyedanganywa.

Stéphane ameuliza nina uhakika gani. Nimemwambia kazi hii inahitaji mtu mwenye uzoefu.