Michezo Kumi ya Amerika kwa Betri ya Maternité

Muheshimiwa Sana Mukubwa wa Wakubwa, ambaye hakuweza kufika; Muheshimiwa Muwakilishi wake, ambaye iko njiani tangu asubuhi; Kiti cha Muheshimiwa Muwakilishi, ambacho kiko hapa mbele yetu na ambacho ninaomba kila mutu akiheshimu, hata yule papa muzee mwenye kofia aliyetaka kukikalia; wakubwa wa services zote zilizoalikwa na zile zilizojialika zenyewe; Baba mapadri na wachungaji, ambao mutatuombea mwishoni; wazee wa Bagira; mamans wenye kuvaa pagne ya siku hii, kile kitenge tulichogawa, na mamans ambao pagne iliisha mbele ya kuwafikia; vijana, tumaini la kesho, na la kesho kutwa kama kesho itachelewa; wageni wetu wa Nguba, ambao wamekubali kupanda mulima na viatu vile; kwa vyeo na sifa zenu zote, protocole yote ikiwa imeheshimiwa: bonjour!

(Watu wanaitikia. Maman Godelive, mkunga wa maternité, hospitali ya uzazi iliyo pembeni mwa uwanja, anasimama: "Papa Directeur, utufanyie kifupi! Batri ya maternité njo inasemesha hiyo micro, na kuko maman moja iko anazala mule ndani. Giza ikiingia tutafanya namna gani?")

Asante, Maman Godelive. Mimi ninapenda sana raia mwenye kushiriki. Ni kweli, na ninaitangaza mbele ya wote: kwa kuwa courant ya umeme imekosekana leo kama vile imekosekana jana na vile programme inaonyesha itakosekana kesho, maternité imetuazima batri yake ya jua. Batri hiyo ilizoea kuwasha taa moja tu ya chumba cha kuzalia. Leo imepanda cheo, imefika kwenye tribune. Na yule maman mwenye kuzala, anaitwa nani?

(Sauti: "Elodie! Ni mimba yake ya kwanza!")

Elodie. Tunamupongeza. Tunamuomba avumilie kidogo kwa ajili ya maendeleo, jua lingali juu. Lucien, wewe ni wa protocole, shika waya wa micro vizuri na uangalie mbele, usiangalie nyuma kila mara.

(Lucien, kijana aliyevaa koti la kazi, anaangalia mbele.)

Ndugu wakaaji, mimi munayeniona, Apollinaire, Directeur-Coordonnateur ad interim wa Coordination ya Classement ya Michezo ya Televisheni ya Kigeni, sikuja hapa kusema maneno mengi. Nimekuja kuzindua. Nyuma yangu munaona pazia nyeupe. Nyuma ya pazia iko Écran Géant, televisheni kubwa kupita nyumba, ambayo itawaonyesha ninyi watu wa Bagira, bure, bila kuvuka mulangoni mwa mutu, ile hesabu ya kurudi nyuma, kumi mpaka moja, ya michezo bora ya televisheni ya Amerika, vile ilivyopangwa na commission ambayo mimi niliiunda, nikaiongoza, nikaisimamia na nikaipongeza.

(Makofi. Maman mmoja: "Hiyo pazia ni drap za vitanda ya maternité! Alama ya iodi njo ile!")

Drap zimeshiriki pia, na zitarudi zikiwa zimefuliwa.

Mutaniuliza: kwa nini classement, kupanga michezo kwa nafasi? Sisi tulifanya enquête ya kina. Tulijiuliza shida ya kwanza ya mukaaji wa Bagira ni nini.

(Uwanja mzima: "Courant!")

Voilà. Ukosefu wa classement. Asilimia mia moja na tatu ya watu tuliowauliza hawakujua ni muchezo gani wa Amerika unashinda mingine. Mutu anaamka, anafungasha bidhaa zake, anapanda bus kwenda mujini, anarudi, analala, na hajui! Mimi hiyo iliniuma moyoni. Nilikosa hamu ya kula, bibi yangu wa ndoa ni shahidi.

Commission ilikaa nyumbani kwangu Nguba, kwa sababu kule courant inakuja mara kwa mara kutusalimia. Michezo yenyewe iko kwa Kiingereza, lugha ambayo hakuna mwanamemba aliyeisoma, lakini tulikuwa na Hervé, mutoto wa dada yangu, ambaye alishapanga Kampala karibu na watu wenye kuisema. Na sasa nawaambia ukweli wa kisayansi: kila mara muchezo ulipokaribia mwisho, courant ilikatika. Hatukuona mwisho wa muchezo hata mmoja. Wengine wangekata tamaa. Sisi tukaamua kupima kila muchezo kwa mwanzo wake, kama vile munavyopima projet za serikali.

(Kicheko. Directeur anachukulia kuwa ni furaha, anainamisha kichwa kushukuru.)

Tena siwafichi: siku ya kwanza, alipoingia yule mutu mwenye kravate, mwenye kucheka na kila mutu, mwenye kuuliza maswali ambayo majibu yake anayo mufukoni, mwenye kugawa magari ambayo si yake, commission yote ilisimama wima. Tulimuzania gavana. Tulisimama hivyo wiki nzima, kila alipoingia, mpaka Hervé akatujulisha ya kama ni mwenye kuchezesha tu. Lakini tulikuwa tumeshazoea, tukaendelea kusimama.

Tuanze. Nafasi ya kumi: muchezo wa familia mbili. Kila familia inaleta baba, mama, shemeji na binamu, wanasimama kwenye musitari, na wanaulizwa jambo, si kwa kutafuta ukweli, hapana, bali kwa kutafuta vile watu wengine wanazania. Nilipoona baba, shemeji na binamu wote kazini pamoja, niliona coordination yangu. Machozi yalinitoka.

Nafasi ya tisa, ya nane na ya saba zimebakia wazi kwa ajili ya washirika wetu, ambao bado hawajajitokeza.

(Msichana anatoka mbio maternité, anamnong'oneza Maman Godelive. Maman Godelive: "Maji imepasuka! Papa Directeur, jua iko inashuka, batri itabakia na nini?")

Maman, tuko tayari kwenye nafasi ya sita, munaona vile tunaenda haraka. Lucien, waya! Nimesema uangalie mbele. Nafasi ya sita: muchezo wa bei. Wanaleta frigo, wanaleta kitanda, na mwenye kukaribia bei bila kuipita anapewa kitu chenyewe. Mamans wa soko ya Kadutu, ninyi mungerudi nyumbani na frigo zote za Amerika! Commission iliuangalia muchezo huu kwa wasiwasi mukubwa. Kama kila mwenye kujua bei ya vitu atapewa vitu, Directeur atabakia na nini? Ndiyo maana ni ya sita.

Nafasi ya tano: gurudumu. Raia anazungusha gurudumu kubwa lenye rangi, linazunguka, linazunguka, linasimama pale palipoandikwa kufilisika, na kila alichokuwa nacho kinaondoka. Na yeye anafanya nini? Anapiga makofi! Ndugu zangu, mimi nimefanya kazi ya utawala tangu nywele zangu zikiwa nyeusi zenyewe, na sijawahi kuona raia anapoteza vyote na anabakia na adabu namna ile. Tunapanga séminaire ya siku nyingi ili ninyi pia mufundishwe.

(Minong'ono. Mtu nyuma: "Tulishafundishwa zamani!")

Nafasi ya ine: muchezo wa watu wenye akili, ambamo ukiulizwa, ni lazima ujibu kwa kuuliza. Huu hatukuhitaji Hervé. Huu tunaucheza kwenye bureau zetu zote, na Amerika ingekuja kuchukua stage ya kujifunza hapa. Tufanye mufano. Mutu aniulize kitu.

(Maman Godelive: "Transfo ya maternité itakuja lini?")

Transfo ni nini?

(Maman Godelive: "Ile yenye mulituahidi, ile ya kuleta courant kwa chumba ya kuzalia! Batri ikiisha, bamaman banazala kwa tochi ya telefone!")

Lini ni nini? Munaona? Points zote ni zangu.

(Makofi ya watu wachache wa Nguba.)

Nafasi ya tatu: muchezo ambamo mutu akikwama kwenye swali anaruhusiwa kupigia rafiki simu, na rafiki anamupa jibu. Mimi mwenyewe niliupata wadhifa huu kwa njia ile ile, kwa hiyo kwa unyenyekevu sikutaka kuupa nafasi ya kwanza.

(Kutoka maternité inasikika sauti ya mwanamke anayelia kwa uchungu. Lucien anaachia waya. Micro inakoroma, inakatika, inarudi.)

Lucien! Hiyo ni sabotage. Nafasi ya pili, na hapa ninaomba munisikilize kuliko vyote, kwa sababu hapa ndipo muchezo uligeuka kuwa serikali. Ni muchezo wa milango mitatu. Muchezaji anachagua mulango mumoja, na kilicho nyuma yake ni chake. Commission ilipouona, tukasema: hii ni méthode! Sisi tulikuwa na budget moja, na mahitaji yalikuwa yanasukumana. Basi kwangu nyumbani tukachagua milango mitatu. Mulango wa chumba, tukabandika karatasi ya Écran Géant. Mulango wa choo, barabara ya Mudaka. Mulango wa jikoni, transfo ya maternité. Hervé akavaa kravate. Mimi nikafungwa kitambaa machoni, nikazungushwa, nikasukumwa. Na mukono wangu, bila upendeleo, bila rushwa, bila kabila, ukagusa mulango wa chumba!

(Maman Godelive: "Na ile karatasi ya jikoni?")

Bibi yangu aliwasha nayo makala ya kupikia. Lakini transparence ilikuwa kamili.

(Maman Godelive anajifunga pagne kiunoni vizuri.)

Maman, ninaona umekasirika, na ninakuelewa. Nikuambie siri: mimi pia nilizaliwa kwa mwanga wa koroboi, na angalieni nilipofika. Mutoto wa Elodie akizaliwa gizani, nani anajua, anaweza kuwa Directeur. (Sauti: "Mungu amukinge!") Sasa kabla ya nafasi ya kwanza tuinue mori. Nikisema Bagira, ninyi semeni oyee. Bagira!

("Oyee," wachache.)

Classement!

(Mtu mmoja: "Oyee." Ni dereva wa Directeur.)

Courant!

("OYEEEE!" Uwanja mzima, na kelele haziishi mpaka mbwa wa Bagira wote wanabweka.)

Nilikosea, hiyo haikuwa kwenye karatasi. Bon. Ninashukuru. Ninashukuru wote waliojitoa kwa projet hii ya historia. Ninamushukuru fournisseur wa kutuletea Écran Géant, ambaye tungali tunamutafuta. Ninamushukuru fundi wa chuma, ambaye angetengeneza munara wake kama angeitwa. Ninashukuru rapport final, ambayo iliandikwa vizuri sana hata kabla ya kazi kuanza, pamoja na picha ya écran ya muji mwingine ambayo imetoka yenye kung'aa. Ninashukuru budget, ambayo ilitembea tangu mulango wa chumba changu na haijarudi, lakini iko salama. Na zaidi ya wote ninashukuru maternité kwa drap zake, maana bila drap zile kila mutu angeona tangu mwanzo ya kama hapa nyuma hakuna kitu.

(Hata watu wa Nguba hawapigi makofi.)

Nimesoma nini? Nani aliandika ukurasa huu?

(Maman Godelive anapanda kwenye tribune. "Bamaman, mukuye. Drap kwanza, Elodie anazihitaji." Wanawake wa pagne ya siku hii na wale waliokosa pagne wanapanda pamoja, wanafungua mafundo, drap zinashuka. Nyuma yake kuna miti miwili ya mikaratusi iliyochomekwa ardhini, na mbali chini ziwa linaanza kupoteza rangi.)

Mamans, taratibu! Cérémonie haijafungwa! Nambari ya kwanza bado sijaitaja!

("Elodie hana nafasi ya kungojea nambari yako," anasema Maman Godelive, bila kelele, na anachomoa waya za betri. Micro inakufa. Kuanzia hapa Directeur anasema kwa koo lake mwenyewe.)

Lucien! Wewe ni protocole, zuia! Andika hapo: population imeupokea mupango kwa moyo wote, imeubeba... Lucien? Mbona na wewe unabeba batri? Rudisha chini! Nimekupa kazi mimi, na nitakunyang'anya!

(Lucien, akiwa ameshika upande mmoja wa betri, jasho likimtoka, anasimama kidogo tu: "Elodie ni bibi yangu, Papa Directeur. Niliomba ruhusa asubuhi, mukaniambia nishike waya." Anashuka ngazi na betri, nusu akikimbia, Maman Godelive akishika upande wa pili. Watu wanawapisha, kisha wanawafuata.)

Ah. Bibi yako. Lakini Lucien, ungenielezea vizuri, mimi ni mutu wa watu: ningeanzia kwa nafasi ya tano. Ninawashukuru.