Mama Alivyoniaga Mbele ya Mabara Mawili

Leo sina pa kuuweka uso wangu, jamani.

Wajumbe wa Ulaya na Afrika wanakutana hapa Mkomani kuhusu uhamiaji. Walitaka kijana mmoja wa kuwashawishi wenziwe wasivuke bahari bila karatasi. Kazi ya kudumu! (Riwaya zangu mbili hazijapata mchapishaji, bado zinalala chini ya kitanda.)

Jana nilimpigia Mama, kule Magongo. "Niombee, Mama. Kesho naanza kazi na watu wa Ulaya, inshallah." Akaniuliza napenda achari ya embe au ya ndimu. Sikushtuka. (Na najiita msomaji wa nyoyo za watu!)

Asubuhi nikasimama ukumbini kwa usaili, ambao Mama sikumtajia. "Mimi ni mkoko! Mizizi yangu imelala katika tope la Changamwe, siendi popote!" Mjumbe mmoja wa Ulaya akafuta machozi. Nikajua kazi nimepata.

Mlango ukafunguka. Mama! Nyuma yake shangazi zangu watatu, sanduku kubwa, na chetezo kinachofuka moshi wa ubani.

"Weye! Waenda Ulaya bila kufukizwa?"

"Mama, sisafiri!"

"Nyamaza. Inua mikono."

Nikainua. Kwetu mtu hasafiri bila ubani, na Mama habishiwi. Akanifukiza makwapa yote mawili mbele ya mabara mawili. Wageni wakadhani ndiyo burudani ya pwani. Wakapanga foleni, mikono juu! Shangazi mmoja akamkabidhi mjumbe wa Ulaya chupa ya achari: "Nishikie, baba. Sandukuni itamwagika."

Mwenyekiti wa mkutano akakohoa moshi. "Mama, lakini mwanao asema haendi popote."

"Huyu? Tangu darasa la nne analia apelekwe Ulaya akaone theluji!"

(Ardhi ya Mkomani ni ngumu. Haikupasuka nilipoiomba.)

"Na akitaka kwenda kwa njia za panya, utamwacha?" mwenyekiti akamuuliza.

Mama akaweka chetezo chini. "Bila viza? Wallahi namvunja miguu, kisha namuuguza mwenyewe!"

Ukumbi mzima ukasimama. Makofi! Mjumbe wa achari akapiga mluzi. Wakubwa wakanong'onezana kidogo tu, kazi ikatolewa.

Kwa Mama.

Sasa msicheke. Nimemwomba angalau niwe namwandikia hotuba. Ameniambia niache namba, nitajulishwa.