Malalamiko Dhidi Yangu Mwenyewe, Kuhusu Fahali Mwenye Kichwa Kama Ndoo

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Fahali,

Mimi ni yule mjumbe wenu anayekaa karibu na dirisha. Naandika kwa heshima zote kuilalamikia kamati kwa kosa moja kubwa: ilinisikiliza.

Utakumbuka siku tulipobandika picha za mafahali ukutani ili tuchague mbegu ya kuwapandishia ng'ombe wetu. Nilisimama nikamnyooshea kidole yule mwenye shingo kama gogo na kichwa kama ndoo, nikasema huyu ndiye mwanaume. Mkapiga makofi. Chini ya picha palikuwa na maandishi madogo: ndama wake ni wakubwa, asitumiwe kwa mtamba anayezaa mara ya kwanza. Niliyaona. Niliyafunika kwa kidole gumba ili picha ipendeze.

Sasa mtamba wa mke wangu, aliyemlea kwa chupa tangu mama yake afe, ana mimba na siku zimewadia. Nyonga zake ni nyembamba. Kila nikimtazama naona ndama ametoka nusu, nusu imegoma. Nikimwomba mke wangu msamaha anajibu tu, "Kaa utulie, baba watoto," anaendelea kukunja nguo. Mwenyekiti, mwanamke akifikia upole wa namna hiyo, ujue nyumba imekwisha.

Kwa hiyo nalalamika hivi:

1. Tunachagua fahali kwa shingo, na shingo haizai. Siku ya uchungu yeye yuko kwake anatafuna majani. Naomba kila fahali alazimishwe kuhudhuria, asimame mlangoni asikie anavyotajwa.

2. Hakuna aliyeuliza fahali huyu mwenyewe alizaliwaje. Naomba mama yake aulizwe. Akikaa kimya, aulizwe aliyeshika kamba ya kumvuta.

3. Nilipowaza hilo, nikaenda kumuuliza mama yangu mzazi. Alicheka mpaka akakaa chini. "Wewe? Mkunga alikushika kichwa, akapumzika, akanywa chai, akarudi." Kumbe hata mimi sifai kwa mtamba, na mmeniweka kwenye kamati. Naomba wajumbe wote tupimwe vichwa, na ambaye chake hakiingii kwenye ndoo ya maziwa ajiuzulu. Samahani Mwenyekiti, uanze wewe.

4. Watoto wetu wote wamechukua kichwa changu. Mke wangu hakuonyeshwa maandishi madogo chini ya picha yangu. Shangazi yangu aliyekwenda kuniposea aliyafunika kwa kidole gumba chake. Nadai mke wangu aombwe radhi rasmi, kwa muhuri wa kamati. Mlalamikiwa ni mimi.

5. Naomba basi kamati ivunjwe, mafahali wachaguliwe na wanawake waliozaa. Wao hawababaishwi na picha, wanasoma chini.

Najua barua hii itaniondoa dirishani. Sawa tu. Yule mtamba akifa, sitakuwa na uso wa kuingia jikoni kwangu.

Nisalimie wajumbe wote, shemeji nyumbani kwako, watoto, na katibu, mwambie kile kiti chake nitakirudisha.

Wenu anayejuta,
Mjumbe wa Dirishani

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, mtamba amezaa. Amezaa mwenyewe, mimi nikiwa bado natafuta kamba. Ndama ni mdogo, kichwa chembamba, hafanani na ile picha hata sikio. Nimembana mtaalamu anayezunguka na mtungi wa mbegu, akasema mke wangu alimwambia amtilie ya yule fahali mdogo wa picha ya pembeni. Nikamuuliza, kwa hiyo umeidharau kamati? Akashangaa kweli. "Kwani ile kamati ni ya nini, mzee? Mimi miaka yote nauliza jikoni." Hata kwako, Mwenyekiti, huwa anamuuliza shemeji.

Kwa hiyo ombi la tano lisisomwe, limeshatekelezwa zamani. Kamati isivunjwe, na mimi nibaki dirishani. Mke wangu mwenyewe anatuombea tuendelee, tena ikiwezekana vikao viongezwe, maana siku ya kikao ndiyo wanawake wanapata nafasi ya kufanya kazi.