Jina Chini ya Kambare

Jumatatu, 6 Juni 1994

Nimemaliza shule wiki iliyopita na tayari nina kazi. Hakuna aliyenipa. Nimejipa mwenyewe: kuchunguza wizi wa Kambare.

Si kwamba ameibwa. Nani angembeba? Ni sanamu ya samaki ya saruji na waya, mrefu kuliko basi la shule, yuko pale pale kando ya barabara kuu, mdomo wazi, watalii wanaingia kupigwa picha. Kilichoibwa ni sifa. Kila mtu hapa Haldorsby anajua kwamba Babu Torvald ndiye aliyemjenga, mwaka 1958, kwa mikono yake. Hakuna anayesema. Sisi watu wa Minnesota hatupendi kusemasema. Na kibao cha mbao kinatangaza: KAZI YA LESTER PRUITT.

Kibao kimeoza. Jumamosi, kwenye sherehe ya Kambare, kitawekwa kipya, cha shaba. Shaba haiozi! Babu ana miaka themanini na minane. Jina lake likikosekana safari hii, basi tena.

Bwana Pruitt alikuja hapa kutoka Texas kuuza saruji. Hilo peke yake linatosha kumshuku.

Jumanne, 7 Juni

Mpango wa kwanza. Babu akimaliza kazi yoyote ya saruji hukandamiza dole gumba pembeni kabla haijakauka. Ngazi zetu zina alama ya dole lake. Kambare naye lazima awe nalo, tena mahali pa siri. Nikaingia mdomoni asubuhi mapema. Nikajipenyeza kooni. Koo la Kambare ni jembamba kuliko linavyoonekana. Nikakwama kiunoni.

Ikaja familia ya watalii. Wakadhani miguu yangu ni sehemu ya maonyesho. Mama mmoja akasifu jinsi ilivyotengenezwa, hata soksi! Niliona aibu kuwaeleza kwamba ni mimi, kwa hiyo nikaikaza miguu nikatulia tuli. Wakapiga picha. Wakamsimamisha bibi yao karibu na visigino vyangu, wakapiga nyingine.

Aliyenivuta ni Tammy Pruitt, mjukuu wa mshukiwa. Tulikuwa darasa moja; sasa anauza aiskrimu ng'ambo ya barabara, mahali pazuri sana pa kumpelelezea mtu. Akasema, “We Signe, kama umechoka kuishi si uliwe na samaki wa majini?” Akauliza nilikuwa natafuta nini. Nikasema hereni. Sivai hereni. Akayatazama masikio yangu kwa muda mrefu. Huyu anajua kitu.

Dole sikuliona.

Jumatano, 8 Juni

Nimemfuata mshukiwa mwenyewe. Miwani ya jua, kofia ya kanisani ya Bibi. Alinitambua papo hapo akiwa barazani kwake. Akaita, “Signe wa Torvald! Pita binti, unywe kahawa.” Nikasema hapana, asante. Akasema haya, akajimiminia yake.

Hivyo tu! Na keki ya tufaha iko mezani! Kwetu mtu mwenye adabu hukataa mara ya kwanza, hukataa ya pili, ya tatu hukubali, tena kwa kusema labda nusu kikombe. Huyu hakurudia hata mara moja. Nikabaki nimesimama juani, mate yananitoka. Mtu anayeweza kukunyima kahawa mchana kweupe anaweza kuiba samaki.

Nikajikaza, nikauliza, macho kwenye viatu vyangu, ni nani aliyemjenga Kambare. Akajibu bila kupepesa macho kwamba ni babu yangu, nani mwingine? Yeye alileta saruji tu.

Amekiri! Hawa wanaokiri upesi ndio hatari zaidi.

Alhamisi, 9 Juni

Nimembana Bibi Gudrun akisukuma mikate ya viazi. Alichungulia mlangoni kwanza, kisha akanong'ona.

Kambare alipokamilika, Bwana Pruitt alifika uani kwetu na brashi ya rangi. Akamuuliza Babu, amwandikie jina lake? Babu akasema hapana, haina haja. Pruitt akauliza tena. Babu akasema aa, asijisumbue, aandike lolote. Bibi, nyuma ya pazia, alimwona Babu akivuta pumzi kujiandaa kukubali. Pruitt akasema sawa, akaenda zake, akaandika la kwake. Kamati ya sherehe ilitaka jina, na jina ndilo hilo alilokuwa nalo.

Bibi akasema, “Tangu siku ile babu yako anangoja aulizwe mara ya tatu.”

Nikauliza kwa nini hakuna aliyemweleza Pruitt. Bibi alinitazama kama nimetukana. “Tumwambie? Mtu mzima mwenzetu?”

Kwa hiyo hakuna mwizi. Imeniudhi kidogo.

Nikaenda kwa Tammy. Nikalieleza pipa la aiskrimu kila kitu, maana yeye sikuweza kumtazama. Alicheka mpaka akashika meza. Halafu akaacha. “Miaka yote hiyo! Na babu yangu anadhani Torvald anamwonea aibu samaki wake! Yaani nyie watu!” Atamwambia leo. Kesho Bwana Pruitt atatupigia simu. Fundi wa shaba hajachonga bado.

Ijumaa, 10 Juni

Babu amevaa tai tangu asubuhi. Anasema shati lilikuwa linamwomba tai.

Simu ikalia. Babu akajifanya amelala, akanionyesha kwa kidole niipokee. Ni Bwana Pruitt. Anaomba radhi, hakujua. Yuko kwa fundi hivi sasa. Aandike Torvald Brekke, sivyo?

Mimi namjua huyu mtu. Najua vizuri kabisa alivyo! Lakini kukubali papo kwa papo, kama wenye njaa? Na Babu yuko pale, masikio yote mawili wazi? Nikasema aa, asijisumbue. Akauliza, “Una hakika, binti?” Nikasema hakika kabisa. Babu akaitikia kwa kichwa, macho yamefungwa. Ameona nimelelewa.

Bwana Pruitt akasema sawa, akakata.

Fundi anafunga saa kumi na moja. Sasa ni saa kumi na nusu. Nimemkataza Bibi kugusa simu. Bado mara moja tu.

Tammy yuko nje ya dirisha na baiskeli, anapunga mikono yote miwili, anapiga kelele tuseme ndiyo, tuseme ndiyo upesi. Nimefunga pazia. Bila shaka ametumwa, ili simu ikilia tusiisikie.